Gardner Fox, mwanasheria aliyezipa katuni dunia ya pili

Gardner Francis Cooper Fox alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 20 Mei 1911. Kwa wasomaji wa katuni za Marekani ni jina kubwa. Kwetu sisi, ambao katuni zilitufikia kwa njia ya Ubelgiji pamoja na Tintin na Spirou, wanaolijua ni wachache. Ninaandika maisha yake kwa sababu ya mabishano ambayo wenzangu wa fakulte wanayafahamu vizuri. Tangu sinema na vipindi vya Marvel vilipoeneza neno varianti, kila mhusika anayefanana kidogo na mwingine tunamwita varianti yake. Neno hilo hilo tunalitumia katika kozi ya fasihi simulizi kwa masimulizi mbalimbali ya ngano moja, na katika mofolojia kwa maumbo ya mofimu moja. Neno limebebeshwa mizigo mitatu na linayumba. Swali langu ni hili: mhusika anapotokea katika dunia mbili za kazi moja ya kubuni, ni lini wawili hao ni mtu mmoja mwenye sura mbili, na ni lini ni watu wawili tu? Fox hakuwa mwananadharia. Lakini kati ya mwaka 1961 na 1967 aliandika kwa mkono wake karibu kila namna ya jibu, na miaka ishirini baadaye kampuni iliyokuwa ikimwajiri ikalazimika kuchagua nani aishi na nani afutwe kwa kufuata majibu hayo.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi alipewa zawadi ya riwaya mbili za Edgar Rice Burroughs zinazohusu sayari ya Mars, na tangu hapo hakuacha kupenda hadithi za dunia nyingine. Hata hivyo hakusomea fasihi. Alisomea sheria St. John's, akakubaliwa kuwa wakili katika jimbo la New York mwaka 1935. Ulikuwa wakati mbaya wa kufungua ofisi: uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka tangu 1929 na wateja hawakuwa na fedha za kumlipa wakili. Baada ya miaka miwili hivi alianza kuandika hadithi za katuni kwa ajili ya mhariri Vin Sullivan, katika kampuni ambayo baadaye ingejulikana kama DC. Ilikuwa mwaka 1937. Kazi aliyoichukua ili kupitisha siku ikawa kazi ya maisha: huhesabiwa kuwa aliandika hadithi za katuni zaidi ya 4,000.

Miaka minne ya kwanza ilikuwa na rutuba ya ajabu. Mwaka 1939 alimwandikia Batman, aliyekuwa bado mchanga, na katika hadithi zake ndimo mshipi wenye vifaa ulipoonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo alimbuni Sandman pamoja na mchoraji Bert Christman. Januari 1940 likatoka toleo la kwanza la Flash Comics, na ndani yake mlikuwa na wahusika wake wawili. Wa kwanza, aliyechorwa na Harry Lampert, ni Jay Garrick, mwanafunzi wa chuo kikuu anayevuta mvuke wa maabara na kuamka akiwa na kasi isiyo ya kibinadamu. Kichwani huvaa kofia ya chuma yenye mabawa kama ya Mercury, mungu wa Warumi. Huyo ndiye Flash. Wa pili ni Carter Hall, mtafiti wa mambo ya kale ambaye katika maisha yaliyopita alikuwa mwana wa mfalme wa Misri, na sasa anaruka kwa mabawa ya mwewe. Huyo ndiye Hawkman. Mwezi Mei akafuata Doctor Fate. Mwishoni mwa mwaka huo, katika toleo la tatu la All Star Comics, Fox akawaketisha mashujaa wa magazeti mbalimbali kwenye meza moja na kuwaita Justice Society of America. Hapakuwa na kundi la mashujaa wa namna hiyo kabla yao.

Wakati ule mwandishi alilipwa kwa ukurasa, na mhusika akabaki mali ya mchapishaji. Fox, mwenye shahada ya sheria, alifanya kazi kwa masharti hayo kama wenzake wote.

Baada ya vita ya pili ya dunia wasomaji wakaanza kuwachoka mashujaa. Flash Comics ilisimama mwaka 1949, na mwaka 1951 All Star ikageuzwa kuwa gazeti la wapanda farasi wa magharibi ya Marekani. Jay Garrick akatoweka bila kufa na bila kuagwa. Fox hakutoweka. Aliandika hadithi za wapelelezi, za sayari, za farasi, na riwaya kwa majina mengi: Jefferson Cooper kwa baadhi ya zile za kihistoria, na kwingine Bart Somers au Simon Majors. Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa jambo hili linatusaidia. Jefferson Cooper na Bart Somers hawakuwa watu wawili. Majina yalikuwa mengi, mtu mmoja. Tukikopa istilahi za darasani, ni sinonimu: majina yametofautiana, kinachotajwa ni kile kile. Kinyume cha hali hiyo ndicho kilichokuwa kinamngoja.

Mwaka 1956 mhariri Julius Schwartz aliamua kulifufua jina la Flash. Jina tu, mtu hapana. Robert Kanigher na mchoraji Carmine Infantino, na John Broome baada ya muda mfupi, walimtengeneza Barry Allen, mkemia wa polisi anayepigwa na radi katikati ya chupa za dawa. Nguo yake ni nyekundu tangu kichwani hadi miguuni, bila kofia ya mabawa. Barry hakumjua Jay isipokuwa kwa njia moja: alikuwa msomaji wa katuni, na katuni aliyoipenda ilikuwa ile ya Jay Garrick. Alipopata kasi, akajipa jina la shujaa wa kwenye karatasi. Watengenezaji huenda waliona huu ni mzaha mdogo wa kuwachekesha wasomaji wakongwe. Lakini ulikuwa na matokeo makubwa: katika dunia ya Barry, Jay si mtu, ni kitu cha kubuni.

Schwartz alipotaka wasomaji wapya wakutanishwe na Flash wa zamani, kazi ikamwangukia Fox, aliyekuwa amembuni yule wa zamani. Matokeo yake ni The Flash namba 123, ya Septemba 1961, iliyochorwa na Infantino na kuitwa Flash of Two Worlds. Barry anawafanyia watoto yatima maonyesho huko Central City. Anapanda kamba iliyosimama wima hewani, anautetemesha mwili wake kwa kasi kubwa, na mara anatoweka. Anajikuta nje ya mji mwingine, Keystone City, ambao anaukumbuka kwa kuwa aliusoma katika katuni. Anafanya jambo la busara kabisa: anatafuta kitabu cha simu. Jina la Jay Garrick limo, na anwani pia. Anabisha hodi. Mlango unafunguliwa na mwanamume mwenye mvi kando ya kichwa, aliyekwisha kumwoa mpenzi wake wa zamani na kustaafu ushujaa.

Barry anatoa maelezo ambayo baadaye mamia ya waandishi wameyarithi: dunia mbili zinaweza kukaa mahali pamoja bila kugongana, maadamu kila moja ina mtetemo wake. Kisha Fox anafanya kitu ambacho sijakiona kikizungumzwa vya kutosha darasani. Anajitaja mwenyewe. Barry anamweleza Jay kwamba katika dunia yake kuna mwandishi aitwaye Gardner Fox aliyekuwa akiandika visa vya Jay, akisema vilimjia usingizini. Kumbe, Barry anahitimisha, akili ya mwandishi huyo ilipolala ilikuwa inanasa mtetemo wa dunia ya pili. Kwa sentensi chache mtunzi anajiuzulu utunzi. Jay hakubuniwa na mtu. Jay aliishi, na Fox alisikia tu. Mwanasheria ambaye hakuwahi kummiliki mhusika wake amemtoa mikononi mwa kila mmiliki na kumfanya mtu huru. Sidai kwamba Fox alikusudia maana hiyo. Inawezekana alitafuta tu njia ya haraka ya kuziba tundu la hadithi, maana alilipwa kwa ukurasa. Lakini ndivyo ukurasa unavyosomeka.

Wazo la dunia sambamba lenyewe halikuwa lake. Murray Leinster alilitumia katika Sidewise in Time mwaka 1934, na mwaka 1953 Wonder Woman, katika toleo namba 59, alikwisha kukutana na pacha wake wa dunia nyingine. Jipya la Fox lilikuwa kuunganisha dunia ya pili na historia halisi ya uchapishaji: magazeti ya miaka ya 1940 yote yakawa historia ya Dunia-Mbili, na ya wakati wake yakawa ya Dunia-Moja. Majina haya ya namba yalithibitishwa katika Justice League of America namba 21 na 22 za mwaka 1963, alizoziandika yeye.

Sasa turudi kwa Jay na Barry. Je, mmoja ni varianti ya mwingine? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa wote ni Flash. Mimi nasema hapana. Wazazi wao ni tofauti, miji tofauti, umri tofauti, ajali iliyowapa nguvu tofauti, wake tofauti. Wanachoshirikiana ni jina na kasi. Waswahili wa pwani wangewaita wajina. Kinshasa wangesema ni ndoyi. Mtoto anayepewa jina la babu hawi babu. Katika istilahi yetu hawa ni homonimu, kama kaa la moto na kaa wa baharini: umbo moja, maneno mawili. Na homonimu zina tabia moja ninayoomba msomaji aishike: zinaweza kukaa katika sentensi moja bila kugombana. Naweza kumchoma kaa juu ya kaa.

Hawkman anatutia kwenye matope zaidi, na hapo Fox hana wa kumsingizia kwa kuwa wote wawili ni wake. Yule wa 1940, nimesema, ni Carter Hall, mtafiti aliyezaliwa upya kutoka Misri ya kale. Mwaka 1961, pamoja na mchoraji Joe Kubert, Fox alimleta Hawkman mpya: Katar Hol, askari polisi kutoka sayari ya Thanagar, ambaye akiwa duniani kwetu hujiita Carter Hall. Mke wa wa kwanza ni Shiera. Mke wa wa pili ni Shayera, naye hujiita Shiera. Sauti zinakaribia kulingana kabisa, mabawa yanalingana. Hata hivyo asili zao hazigusani popote. Mmoja ametoka kaburini Misri, mwingine ametoka katika chombo cha angani. Kwa maoni yangu hawa nao ni wajina, tena wajina wanaofanana sura, na kufanana ndiko kunakowadanganya wasomaji. Sikio likisikia Katar na Carter hudhani limesikia neno moja, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayedhani kila maneno mawili yanayokaribiana yana mzizi mmoja.

Mwaka 1964, katika Justice League of America namba 29 na 30, Fox alikwenda Dunia-Tatu. Huko historia imepinduliwa: Columbus ni Mmarekani aliyevumbua Ulaya, na mwigizaji Abraham Lincoln ndiye aliyemuua Rais John Wilkes Booth. Mashujaa hawapo. Yapo majambazi matano yenye nguvu kama za mashujaa wa Dunia-Moja. Ultraman amekaa mahali pa Superman, na kriptonaiti inayomdhoofisha Superman humwongezea yeye nguvu. Owlman yupo mahali pa Batman, Superwoman mahali pa Wonder Woman, Johnny Quick mahali pa Flash, Power Ring mahali pa Green Lantern. Majina yamebadilika, tabia imebadilika. Kilichobaki ni kiti. Hawa si homonimu, maana hata jina hawashirikiani. Mimi nawaita vinyume, na kinyume cha neno ni neno jingine: baridi si sura ya joto, ingawa huwezi kuieleza bila joto. Mwaka uliofuata alijaribu tena kwa njia nyingine. Johnny Thunder wa Dunia-Moja, mhalifu mwenye jina na uso wa yule mwema wa Dunia-Mbili, anamnyang'anya mwenzake jini lake la radi na kulituma lizuie asili za mashujaa zisitokee. Inazaliwa Dunia-A, dunia ambayo ni Dunia-Moja yenyewe iliyokatwa katika mizizi.

Halafu mwaka 1967, katika namba 55, anamleta Robin wa Dunia-Mbili. Kwangu hapa ndipo kiini kilipo. Huyu si mtu mwingine aliyejipa jina la Robin. Ni Dick Grayson, mtoto wa wanasarakasi waliouawa, aliyelelewa na Bruce Wayne, kama yule wa Dunia-Moja. Tofauti ni kwamba Dunia-Mbili haikusimamisha saa. Robin wa Dunia-Moja alikuwa bado kijana; huyu ni mwanamume mzima, vazi lake limechanganya la Robin na la Batman, naye amekaa katika meza ya Justice Society. Asili ni moja, njia ni mbili. Hapa ndipo neno varianti linapostahili kutumika, na istilahi inayomfaa ni alomofu. Wenzangu wa mofolojia wanajua: m- ya mtu, mw- ya mwalimu na mu- ya muumba ni mofimu ile ile, imebadilika kwa sababu ya jirani yake. Hakuna kati yao iliyo mama wa wenzake. Na alomofu zina tabia iliyo kinyume na ya homonimu: mahali palipo na mw- hapakai m-. Kila moja ina mazingira yake, haziwezi kugombea nafasi moja katika neno moja.

Atatokea wa kuniuliza juu ya Mwindo, na ana haki. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alirekodi simulizi la Mwindo kwa Shekarisi Rureke, katika nchi ya Wanyanga, na mwaka 1969 likachapishwa pamoja na Kahombo Mateene. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa masimulizi mengine ya Wanyanga, na wasimulizi wake hawakulingana na Rureke kwa kila jambo. Je, kila Mwindo ni alomofu ya Mwindo? Sidhani, na sababu si udogo wa tofauti zao. Mwindo wa msimulizi mmoja hajui kwamba yupo Mwindo wa msimulizi mwingine. Hakuna mto anaoweza kuuvuka kumfikia. Anayewaona wote ni sisi wenye vitabu viwili mezani. Hizo ni varianti za simulizi. Varianti ya mhusika inaanza pale tu kazi yenyewe inapokiri kwamba wote wawili wapo, kwamba kuna kitabu cha simu na mlango wa kubishwa. Kabla ya Septemba 1961 Jay na Barry walikuwa katika magazeti mawili. Baada yake walikuwa katika ulimwengu mmoja wenye dunia mbili. Tukilisahau hilo, kila tafsiri ya Hamlet itakuwa Hamlet mwingine, na mjadala utakuwa hauna mwisho.

Kwa hiyo natoa ufafanuzi wangu, na anayetaka kuupinga aniandikie katika jarida hili hili. Mhusika ni varianti ya mwingine ikiwa kazi yenyewe inakiri wote wawili, na ikiwa asili yao ni moja, yaani kuzaliwa kwao na jambo la kwanza lililowafanya wawe walivyo. Jina halitoshi, wala halihitajiki. Nguvu hazitoshi. Kiti hakitoshi. Naona ugumu mmoja, kwamba wapo wahusika ambao asili yao hatujaambiwa, kama huyo Johnny Thunder mhalifu, mwenye uso wa mwenzake na maisha mengine. Yeye namwacha njiani. Lugha nazo zina maneno yasiyojulikana yametoka wapi.

Maisha ya Fox katika DC yalikwisha vibaya. Mwaka 1968 yeye na waandishi wengine wa umri wake waliomba bima ya afya na manufaa mengine kwa kazi ya miaka mingi. Kampuni ilikataa, na Fox akaondoka baada ya miaka zaidi ya thelathini. Hakuondoka na Flash, wala Hawkman, wala Dunia-Mbili. Aliandikia Marvel kwa muda mfupi, akageukia riwaya za wapiganaji wa kishenzi, Kothar na Kyrik, zilizouzwa kwa bei rahisi. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Oregon. Msomaji wake mmoja, Jerry Bails, ambaye tangu ujana alikuwa akimwandikia barua kuomba Justice Society irudi, alikwisha kuanzisha mwaka 1961 jarida la wapenzi wa katuni, Alter Ego. Kwa kiasi kikubwa ni watu wa aina yake walioitunza kumbukumbu ya nani aliandika nini, wakati magazeti mengi hayakuwa yakimtaja mwandishi.

Kati ya 1985 na 1986 DC iliona dunia zimekuwa nyingi mno. Marv Wolfman na mchoraji George Pérez walipewa matoleo kumi na mawili, Crisis on Infinite Earths, ili kuziunganisha zote kuwa moja yenye historia moja. Hapo ufafanuzi niliouandika juu ulikoma kuwa wa darasani. Ilibidi kuamua, mtu kwa mtu, nani ana nafasi. Jay Garrick alibaki. Historia mpya ilimkubali kama Flash wa kwanza na Barry kama wa pili. Keystone City, iliyokuwa mahali pamoja na Central City kwa mtetemo mwingine, ikahamishiwa ng'ambo ya mto, miji miwili ikitazamana kama Kinshasa na Brazzaville. Barry alikufa katika toleo la nane, lakini alikufa akivunja silaha ya adui. Hakuna aliyemwondoa kumpisha Jay. Hawkman wote wawili walibaki, na kwa miaka mingi waandishi waliofuata walihangaika kuwapanga. Wa Dunia-Tatu sitawapima, maana dunia yao iliteketea katika toleo la kwanza kabla ya muungano.

Superman wa Dunia-Mbili hakupata nafasi. Palikuwa na Superman mwingine aliyetoka katika Krypton, na historia moja haiwezi kuwa na watoto wawili wa pekee kutoka sayari moja. Akapelekwa nje ya dunia na mkewe Lois. Robin mtu mzima, yule wa 1967, aligundua kwamba ulimwengu mpya haumkumbuki: Dick Grayson yupo, naye si yeye. Huntress, binti wa Batman wa Dunia-Mbili, alijikuta na baba ambaye hakuwahi kumzaa. Wote wawili waliuawa katika toleo la kumi na mbili, na miili yao haikupatikana. Sijui kama Wolfman aliwahi kufungua kitabu cha mofolojia, lakini alifanya kama mtu anayejua kwamba m- na mw- hazikai mbele ya mzizi mmoja, na kwamba kaa na kaa wanaweza kukaa.

Toleo la mwisho lilikuwa na tarehe ya Machi 1986. Fox alifariki tarehe 24 Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 75. Jay Garrick, mwenye mvi zake na kofia yake ya mabawa, alikuwa bado anachapishwa.